Barua ya New Delhi na Maneno ya Msibani

Ndugu zangu, mmeniuliza kama uvumi wa njama hupikwa na serikali zenyewe. Nianze na mmoja ambao kweli ulipikwa.

Julai 1983, gazeti la Patriot la New Delhi lilichapa barua isiyo na jina. Aliyeiandika alijiita mwanasayansi wa Marekani, akadai UKIMWI umetengenezwa katika maabara ya jeshi huko Fort Detrick, Maryland. Ilikuwa kazi ya KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti. Oktoba 1985, gazeti la Moscow, Literaturnaya Gazeta, likairudia na kuitaja Patriot kama ushahidi: mwongo akajitolea ushahidi mwenyewe! Mwaka uliofuata, madai kama hayo ya profesa wa Berlin Mashariki, Jakob Segal, yakasambazwa Harare, kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Mwaka 1992 mkuu wa ujasusi wa Urusi, Yevgeny Primakov, akakiri.

Sasa njooni Kagera. Mwaka uleule wa 1983 ndipo walipogundulika wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania. Kwetu ugonjwa uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichovuma katika biashara ya mpakani. Nikiwa mtoto, msibani, nilimsikia mzee mmoja akitafuna buni na kusema, "Hili wametuletea Wazungu." Gazeti la New Delhi angelionea wapi?

Hapo ndipo ninapokataa jibu la mkato. Wamarekani weusi walioamini habari ile walikuwa na Tuskegee yao: tangu 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwaacha wanaume weusi karibu 400 waliwe na kaswende, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Na uvumi wetu wa mumiani, wanyonya damu wa enzi za mkoloni, je? Serikali haikuupika, yenyewe ndiyo iliyoshukiwa, pamoja na wazimamoto wake.

Kwa hiyo anayeniambia kila imani ya ajabu ni hila ya serikali, namdai karatasi. Kwa KGB zipo: Septemba 1985 waliwaandikia wenzao wa Bulgaria kuhusu kampeni hii, na waraka huo umehifadhiwa. Asiye na karatasi ananiletea uvumi mwingine.

Yule mzee angekuwa hai, ningemweleza kwamba damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959 ilikutwa na kirusi hiki, wakati hapakuwa na maabara yoyote duniani iliyoweza kukiunda. Kisha ningekaa naye aniulize atakavyo. Siku ile alikuwa amezika mtoto wake wa pili.