Mgongo Si Rula

Haya, kaeni vizuri. Ona sasa! Nusu ya ukumbi mmekakamaa kama mko gwarideni. Mtu akiambiwa "nyoosha mgongo" anadhani uti wa mgongo ni rula. Una mapindo: shingoni umeingia ndani, kifuani umetoka nje, kiunoni umeingia tena. Ndivyo ulivyo, na ndivyo unavyotakiwa kubaki hata ukiwa usingizini.

Kuna mzee alikuja kwangu analia kiuno. Majirani walimwambia dawa ni kulala pagumu. Akapigilia ubao juu ya chaga, godoro akampa mjukuu. Miezi mitatu analala kwenye ubao na shuka, kila alfajiri anaamka kwa kushika ukuta. Nikamlaza chali juu ya meza, nikapitisha mkono chini ya kiuno chake. Ukapita kama mto chini ya daraja! Yaani usiku kucha kiuno kilikuwa kinaning'inia, mzigo wote umebebwa na mabega na makalio. Akaniuliza, "Kwa hiyo nimnyang'anye mtoto godoro?" Nikamwambia, hapana mzee wangu, nunua lako.

Nawasikia huko nyuma: "Babu alilalia kitanda cha kamba na hakuumwa." Kamba ngumu tangu lini? Zinabonyea! Tena hili limepimwa Hispania, likachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2003: watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, wengine wakapewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, wa ugumu wa kati ndio waliokuwa na nafuu zaidi. Nimesema wa kati, sijasema sponji lililobonyea kama karai.

Ukilala ubavu, mto ujaze nafasi kati ya bega na sikio, na mwingine uweke katikati ya magoti. Chali, weka chini ya magoti.

Mazoezi... mwenyekiti ananionyesha saa. Nyie wa vyuma, inameni kwa nyonga: makalio nyuma, mgongo umetulia. Na msikurupuke kitandani moja kwa moja hadi kwenye vyuma. Usiku diski za mgongo, yale mato laini kati ya pingili, hunywa maji zikavimba, ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kidogo. Zikiwa hivyo hazipendi kukunjwa. Tembeeni kwanza.

Wanaolala kifudifudi, msiondoke. Tutaongea pembeni.