Poza mwili kabla ya kukimbia kwenye joto la Dodoma

Karibuni, wakimbiaji. Wengi wenu hapa Dodoma mnafanya mazoezi saa kumi jioni mkitoka kazini, wakati lami bado inatoa moto. Kama unaweza kukimbia alfajiri, kimbia alfajiri. Hata Tokyo mwaka 2025, Alphonce Simbu wetu wa Singida alipochukua dhahabu ya marathoni, mbio zilianzishwa nusu saa mapema kwa sababu ya joto. Kama huna namna, twende pamoja.

Usiku wa kuamkia mazoezi, gandisha juisi ya zabibu uliyoipunguza kwa maji.

Nusu saa kabla ya kukimbia, isage kwa blenda au iponde kwa mchi mpaka iwe laini kama uji. Mwenye kilo 60 inamtosha kama nusu lita. Kunywa taratibu, kichwa kikianza kuuma, tulia kwanza. Nasisitiza barafu, maji baridi pekee hayafikii hapo: barafu ikiyeyuka tumboni inavuta joto jingi mno, karibu sawa na la kupasha maji ya uzito uleule kutoka nyuzi 0 hadi 80.

Huku unakunywa, kaa kivulini na taulo lililoloweshwa shingoni. Hewa yetu ni kavu, litakauka upesi, kwa hiyo lilowanishe tena.

Miguu usiipoze! Msuli wa baridi hauna nguvu. Jogi polepole dakika tano mpaka kumi, miguu ipate moto.

Sasa kimbia, ila shika kasi yako ya kawaida. Utajisikia mwepesi mwanzoni, na hapo ndipo watu wanapojimaliza. Sehemu kubwa ya nishati ya misuli, kama robo tatu au zaidi, hugeuka joto. Joto likipanda, moyo unapeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa pamoja, mapigo yanaongezeka ingawa mwendo ni uleule. Ukianza ukiwa umepoa, hali hiyo inachelewa. Usitegemee kwamba kila hatua itatumia oksijeni kidogo. Unachopata ni muda. Kwa kilomita tano na kuendelea inasaidia. Kwa mita 100, achana nayo.

Ukipata kizunguzungu au ukianza kutetemeka wakati wa joto, simama, nenda kivulini, jimwagie maji na uombe msaada. Na jaribu barafu hii siku ya mazoezi kwanza, ujue tumbo lako linaipokeaje kabla ya siku ya mashindano.