Acheni Kwanza Kupanda Miti

Mbukwenyi! Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na mada tatu: misitu ya asili, makazi ya wanyamapori, na hewa tunayovuta. Wanaonifahamu wameshajua nitakwama kwenye kisiki.

Niliwahi kualikwa siku ya kupanda miti; mwenyeji simtaji. Tukapanda, tukapiga picha, tukanywa soda. Mwaka uliofuata nikaalikwa tena, nikaonyeshwa shimo langu. Jamani, lilikuwa shimo lile lile! (Kicheko.) Hatua kumi kutoka pale kulikuwa na kisiki cha mgunga chenye machipukizi yasiyopungua ishirini. Hakuna aliyekimwagilia hata kikombe. Mwaka wa kwanza tulikiruka tukienda kwenye picha, mwaka wa pili tukakiruka tena.

Hapa Dodoma mvua ni milimita kama 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mche wako una mzizi wa kiganja kimoja, na ikifika Juni umebaki peke yake na jua. Kisiki mizizi yake ilishafika chini zamani. Wewe chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, pogoa mengine, zuia mbuzi. Kwisha.

Namwona ndugu yangu pale anatikisa kichwa: hayo si ya Niger? Ni kweli, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aliyaeneza Maradi, kule Niger, kuanzia 1983. Lakini Wasukuma walikuwa wanafunga ngitili, yaani kutenga malisho yapumzike na uoto urudi, kabla ya Rinaudo kuzaliwa. Na kwa nini twende mbali, Kondoa ipo! HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, matingatinga yakachimba makinga maji milimani. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, na uoto ukarudi. Mingi ya miti ile haikutoka kwenye kitalu chochote, ilikuwa chini ya miguu ya ng'ombe ikisubiri nafasi.

Sasa msitoke hapa mkasema mhadhiri anataka ng'ombe wafukuzwe. Sikusema hivyo! Ng'ombe wa Kondoa hawakuyeyuka, walihamia kwa watu wengine, na mzigo wakahama nao. Ufugaji wa ndani uliruhusiwa 1989. Miaka kumi! Ukimwambia Mrangi akae miaka kumi bila zizi, mtangulize wewe na posho yako.

Mwenyekiti ananionyesha karatasi. Haya, hewa, mbio mbio. Kilo mia za kuni kwenye tanuri la udongo hutoa mkaa kilo kumi hadi ishirini hivi. Kingi cha kilichobaki ni moshi na mvuke, kisha mkaa wenyewe unakwenda kutoa moshi wake jikoni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango linachopendekeza cha chembe laini hewani, wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Nendeni mkapime jiko la mafiga, mtaona kama kipimo kinatosha. Kuzuia kuni kwenye taasisi zinazolisha zaidi ya watu mia ni jambo zuri, ila mama anayepikia watu sita hayumo humo.

Wanyamapori nimewapunja, nakiri. Picha za mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero zitabaki kwenye kompyuta.

Maswali? Mzee wangu pale nyuma, karibu. Ila usiniulize miche inapatikana wapi.