Okidi Kiatu Yenye Lebo Isiyo Yake: Soma Jani, Kisha Ua

Mbukwenyi, wapenzi wa maua! Karibuni tena hapa Nzuguni, Dodoma. Okidi kiatu hii imefika na lebo inayosema *Paphiopedilum insigne*. Mimi nasema siyo, na leo tutaithibitisha pamoja, maana ukishapata jina la kweli ndipo unajua utafute matunzo gani.

Pangusa vumbi kwenye majani kwa kitambaa chenye unyevu. Hilo mnalijua, tusonge.

Jani kwanza. Sogeeni. Mnaona mabaka haya, kijani kilichokolea na kijani kilichopauka, yamepangana kama kitenge? Insigne haina mabaka. Jani lake ni la kijani kitupu, labda na vitone vya zambarau chini kabisa, mgongoni, karibu na shina. Yaani lebo imeshaanguka na ua bado hatujaligusa! Ndiyo maana napenda kuanza na jani: lipo mwaka mzima, hata kama ua lako litachanua mwakani.

Geuza na mgongo wake. Ungejaa madoa mazito ya zambarau, ningewaza spishi nyingine, venustum. Huu ni kijani, venustum tunaiweka pembeni. Lakini msikimbilie kutoa jina hapa. Jani la mabaka wanalo callosum, lawrenceanum, barbatum na machotara wao wengi. Jani linakuondolea majina yasiyo yake, linalobaki unaliuliza ua.

Sasa ua. Taratibu hapa. Shika bua, nyuma ya ua. Usishike kiatu, yaani mfuko huu wa mbele, usivute petali. Ukiliminya linaacha alama ya kahawia isiyofutika, na alama hiyo utaidhani ni doa la asili.

Sepali hii kubwa ya juu ni nyeupe, ina mistari ya zambarau inayopanda... ngoja. Hamuioni mistari, eti? Jua hili limemeza weupe wote kwenye kamera. Na upepo nao, ua halitulii. Nahamia ndani ya banda, chini ya neti ya kivuli.

Haya, hapa sawa. Mistari ile pale. Sepali ya insigne ingekuwa ya kijani, ukingo mweupe juu, na madoa ya kahawia. Tofauti kabisa.

Sogea katikati ya ua, hapa juu ya mdomo wa kiatu. Kuna kingao kidogo. Hiki kina umbo la mwezi mchanga. Cha insigne kina kinundu katikati. Na pembeni ya kingao, kushoto na kulia, kuna chavua, pande mbili. Okidi kipepeo ile ya madukani ina sehemu moja tu. Mimi hapa huwa nasahau kazi nikabaki natazama.

Turudi. Sehemu inayotaka macho ni kingo za petali hizi mbili za pembeni. Tafuta vinundu vyeusi vyenye vinywele. Tumia lenzi, usitumie kucha. Narudia: shika bua, usivute petali! Callosum ina vinundu ukingo wa juu, na petali zake zinainamia chini. Lawrenceanum ina vinundu kingo zote mbili, na petali zinanyooka pembeni. Barbatum ina ua dogo zaidi.

Yetu? Juu vimejaa. Chini... vipo, vichache. Na petali zimeinama kidogo tu. Iko katikati ya callosum na lawrenceanum. Chotara wa hao wawili anaitwa Maudiae, amesajiliwa tangu mwaka 1900, na kizazi chake kimesambaa mno kwenye vitalu. Hapo ndipo ninapoelekea.

Ila angalieni: ua lililofunguka jana msilihukumu kwa mkao wa petali. Lipe wiki, lijinyooshe. Hili limeshatulia. Na hata likitulia, chotara aliyezalishwa tena na tena hatajwi kwa macho peke yake, kwa hiyo siandiki jina kama kwamba nina uhakika wote.

Lebo mpya naandika: “Paphiopedilum, jani la mabaka, kundi la Maudiae (?), ilikuja kama insigne.” Maneno ya mwisho msiyaache. Mwenye kitalu akikumbuka kesho kwamba alichanganya trei mbili, hayo ndiyo yatakayompeleka kwenye jina sahihi. Lebo ya zamani nayo naichomeka nyuma, sitaitupa.

Andikeni kwa penseli. Jua la hapa Dodoma linafuta wino wa kalamu, na mmea unabaki bila jina kabisa. Lebo tupu za plastiki ninazo hapa bandani, pamoja na neti za kivuli na magome ya kupandia. Mwenye okidi kiatu anayoitilia shaka, anipigie picha tatu: jani mbele, jani mgongoni, na ukingo wa petali kwa karibu. Na tafadhali, akiwa ameshika bua.