Tochi Haihitaji Kujua Unapolala

Asanteni. Kaeni, kaeni. Kabla sijasema lolote, kila mwenye simu aitoe mfukoni au mkobani, aiweke mapajani, kioo kikitazama juu. Msizizime. Leo tutafanya kazi hapa hapa, kwa sababu nimechoka kuhutubia watu wakanitikisia kichwa, wakanipigia makofi, kisha wakarudi nyumbani na simu ikiwa wazi vile vile kama ilivyokuja.

Swali mlilokuja nalo nalijua. Ndilo ninaloulizwa kila ninapokwenda. "Mwalimu, ni kweli simu inatusikiliza?" Na hapo hapo mtu ananipa ushahidi: tulikuwa tunazungumza na mke wangu habari za godoro, sijaandika popote, jioni nafungua simu, tangazo la godoro hili hapa. Nitalijibu, nawaahidi. Ila nataka kwanza mnisikilize juu ya jambo ambalo hakuna anayeniuliza, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko hilo: mahali. Mnahofia maneno yenu yasisikike, na huku kila mnapokanyaga pameandikwa.

Nianze na tochi. Walionisikia kabla ya leo wanaijua habari hii. Wanivumilie, nitaisema mpaka iingie.

Palikuwa na programu ya tochi ya simu za Android kule Marekani. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuwasha taa. Watu waliipakua mara makumi ya mamilioni. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ikamshtaki mtengenezaji wake, kwa sababu tochi ile ilikuwa ikituma mahali ulipo, mahali hasa, pamoja na namba ya utambulisho wa simu yako, kwa mitandao ya matangazo. Umeamka usiku unatafuta kiatu uvunguni mwa kitanda, na mtu usiyemjua anapelekewa habari kwamba saa hii uko pale.

Sasa sikieni sehemu inayoniuma mimi. Ukiifungua mara ya kwanza ilikuletea masharti, na chini yake kitufe cha kukubali na kitufe cha kukataa. Wewe mtu mwangalifu unasoma, unafikiri, unasogeza kidole uende kukataa. Tume ilieleza kwamba kabla hata hujapata nafasi ya kujibu, taarifa zilikuwa zimeshaanza kutumwa. Swali lilikuwa pambo. Kesi ikaisha kwa makubaliano: afute taarifa za watu alizokusanya, na kuanzia hapo aombe idhini waziwazi kabla ya kugusa mahali pa mtu.

Nawaona wawili watatu wanaotaka kuniambia, "Mwalimu, 2013 ni zamani, mambo yamebadilika." Ni kweli yamebadilika, na nawashukuru waliopigania yabadilike. Zamani kwenye Android ulikubali ruhusa zote kwa mkupuo wakati wa kusakinisha, au uikose programu. Toleo la 6, mwaka 2015, ndilo lililoanza kukuuliza ruhusa moja moja wakati inapohitajika. Toleo la 10, mwaka 2019, likakupa nafasi ya kusema: soma mahali pangu wakati nakutumia tu, nikikufunga acha. Mwaka huo huo iPhone zikaongeza chaguo la kuruhusu mara moja tu, na mwaka uliofuata Android nayo ikalipata. Kwa hiyo kitasa tunacho, kizuri, kimetiwa mafuta. Kinachonichosha ni kwamba tunakifungua wenyewe. Kidirisha kinatokea, mtu ana haraka ya kuona picha aliyotumiwa, anabonyeza "ruhusu" ili kimwondokee machoni. Sekunde moja. Na ruhusa ya sekunde moja inaweza kukaa miaka.

Majuzi nilikaa na mama mmoja mstaafu. Alikuwa analalamika kwamba simu yake inakwisha chaji kabla ya adhuhuri. Nikamwambia mama, hebu tuone kwanza nani anaila. Tukaingia kwenye mipangilio, tukaenda faragha, tukafungua kidhibiti cha ruhusa, tukagusa neno "mahali". Juu kabisa pana kichwa cha programu zilizoruhusiwa wakati wote. Zilikuwa tisa. Akavaa miwani. "Hii ni ya nini?" Ya kupamba picha. "Sijawahi kuifungua." Akakumbuka: mjukuu aliiweka siku ya harusi ya shangazi yake, wakapiga picha zenye maua kichwani, wakacheka, basi. Harusi ile ilikuwa imepita miaka mitatu, na programu ya maua bado ilikuwa na ruhusa ya kujua yuko wapi saa yoyote, imefungwa au imefunguliwa.

Tukashuka moja moja. Ya kubadilisha mwandiko wa kibodi, tukaiondolea. Mchezo wa kupanga shanga, tukauondolea. Hali ya hewa akaishika: "Hiyo niachie, nataka kujua mvua." Ana haki. Tukaiweka kwenye wakati wa kuitumia tu. Na hapa niwaambie wenye simu mpya zaidi, Android 12 kuendelea na iPhone zenye mfumo wa iOS 14 kuendelea: mna swichi ya ziada ndani ya kila programu, ya kuamua ipewe mahali mahususi au makadirio. Mvua hainyeshi kwenye mlango wako peke yake. Inayotabiri mvua inatosha kujua mji. Ya ramani inayokuelekeza njia, hiyo ipe mahususi, wakati unaitumia.

Tulipomaliza, pale juu hapakubaki hata moja. Mama akanyamaza, kioo bado kinang'aa mkononi. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo zile Jumanne nilizokuwa nakwenda hospitali, walijua?" Nikamjibu kweli: mama, waliweza kujua. Sikuwa na jibu jingine. Hakuwa amewaambia hata watoto wake habari za hizo Jumanne.

Ndiyo maana mtu akinisimamia na kuniambia "mimi sina cha kuficha", namheshimu, ila simwachii hapo. Yule mama hakuwa na kosa lolote la kuficha. Alikuwa na jambo lake.

Wengine wanasema, "Lakini hawachukui jina, wanachukua namba tu." Hili nalijibu taratibu kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwaka 2013 huo huo wa tochi, watafiti wakiongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye walichunguza nyendo za simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15. Hakukuwa na majina. Wakakuta kwamba pointi nne tu, yaani mahali fulani saa fulani, mara nne, zinatosha kumtofautisha mtu na wenzake wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Nne! Fikiri mwenyewe. Simu yako inalala wapi kila usiku? Hapo ni kwako. Inashinda wapi Jumatatu hadi Ijumaa? Hapo ni kazini. Ni watu wangapi duniani wanaolala nyumbani kwako na kushinda penye dawati lako? Jina la nini tena? Mwaka 2019 gazeti la New York Times lilipata faili moja la kampuni moja tu ya biashara ya taarifa za mahali: pointi zaidi ya bilioni 50, za simu za Wamarekani zaidi ya milioni 12. Waandishi wakaanza kufuata nukta moja moja mpaka milangoni kwa watu.

Na asiniambie mtu kwamba hayo ni ya raia wazembe. Novemba 2017 programu ya mazoezi ya Strava ilitoa ramani ya dunia inayoonyesha wanapokimbia watumiaji wake, bila jina la yeyote. Miezi miwili baadaye mwanafunzi mmoja wa Australia akaonyesha hadharani kwamba katikati ya jangwa, mahali penye giza totoro, paling'aa vimistari vya duara. Walikuwa askari wanafanya mazoezi, wakizunguka kambi zao. Ukimuuliza askari mmoja mmoja, angekwambia anakimbia tu asubuhi.

Haya, maikrofoni, maana niliahidi, na saa naiona.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima programu za Android zaidi ya 17,000 wakitafuta hasa zile zinazorekodi sauti kwa siri na kuituma. Hawakuikuta hata moja. Walichokikuta ni kingine: baadhi zilikuwa zinapiga picha au video ya kioo, yaani kile unachobonyeza na kuandika ndani yake, na kukituma kwa kampuni nyingine. Sasa lile godoro. Huenda mkeo alitafuta godoro kwenye simu yake. Simu zenu zinatumia Wi-Fi moja, zinalala chumba kimoja. Kwa mwenye kuuza matangazo nyinyi ni nyumba moja. Hakuhitaji kusikia neno, mahali palimtosha, na ndiyo maana nawarudisha pale pale kila mara.

Je, basi maikrofoni tuiache? Hapana! Sikusema hivyo, na msinifikishie huko. Mwaka 2019 mamlaka ya ulinzi wa data ya Hispania iliitoza ligi ya soka ya La Liga faini ya Euro 250,000. Watu walipakua programu yake wafuatilie matokeo. Wakati wa mechi ilikuwa inawasha maikrofoni na kusoma mahali, ili igundue baa zinazoonyesha mpira bila kulipia. Ligi ilijitetea kwamba watumiaji waliombwa ruhusa. Ni kweli waliombwa, wakabonyeza. Mamlaka ikasema hawakuelezwa vya kutosha. Shabiki ameketi na rafiki zake, simu iko mezani, na bila kujua amegeuzwa mkaguzi wa baa aliyoketi.

Kwa hiyo orodha ya maikrofoni nayo mpitie, iko pale pale chini ya ruhusa. Ya kupigia simu na ya kutumia ujumbe wa sauti ina sababu. Kikokotoo hakina. Kwenye Android 12 kuendelea alama ya kijani ikitokea kona ya juu, kuna programu inatumia maikrofoni au kamera wakati huo. Kwenye iPhone nukta ya rangi ya machungwa ni maikrofoni, ya kijani ni kamera. Ukiiona na hupigi simu wala hurekodi, telezesha kidole kutoka juu uone ni nani. Wenye iPhone ya iOS 15.2 kuendelea, washeni ripoti ya faragha ya programu, itawaonyesha siku saba zilizopita nani aligusa nini. Wenye Android 12 kuendelea fungueni dashibodi ya faragha.

Nilitaka kusema juu ya simu za watoto, na juu ya picha zinazobeba mahali ndani yake mnapozituma. Sitapata muda, nitayasema siku nyingine. Moja tu nisiwadanganye: ukifunga ruhusa hizi hujatoweka. Kampuni ya simu inajua uko karibu na mnara gani, na anwani ya intaneti unayotumia inaweza kutaja mji. Ila kuna tofauti kubwa kati ya mji na kitanda.

Haya, simu mkononi. Mipangilio, faragha, ruhusa, mahali. Majina yatatofautiana kidogo kwa kila aina, asiyepaona anyooshe mkono nitamfuata. Anzeni na zile za wakati wote. Programu ikigoma kwa sababu umeinyima, unaweza kuirudishia hapa hapa kwenye mipangilio, hakuna kilichoharibika. Naam, baba, pale nyuma? Kumi na moja? Usione haya, wewe ndiye umehesabu. Soma ya kwanza kwa sauti.