Maelekezo ya Video: Kuelekeza Antena za Maikrowevu Kuvuka Mkondo wa Tumbatu

Ndugu watazamaji, assalamu alaykum. Katika video hii tutapanga, kisha tutaelekeza, kiungo cha maikrowevu, yaani njia ya redio kati ya antena mbili zinazotazamana, cha kilomita 5 kinachovuka bahari kutoka upande wa Mkokotoni hadi Jongowe, kisiwani Tumbatu, ili mnara wa simu ulioko kisiwani upate njia ya kupitisha data za wateja wake hadi kwenye mtandao mkuu. Vipimo nitakavyovitaja ni vya mfano wa mafunzo, lakini hesabu ni zile zile mtakazozitumia kazini, mkibadilisha umbali, urefu na masafa kulingana na eneo lenu.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha njia iko wazi. Kuuona mnara wa pili kwa darubini hakutoshi, kwa sababu wimbi la redio halipiti kama uzi. Linahitaji nafasi kuzunguka mstari wa kuonana, nafasi ambayo wataalamu huiita eneo la Fresnel. Kwa kilomita 5 na masafa ya gigahezi 15, nusu kipenyo cha eneo hilo katikati ya njia ni mita 5, na angalau asilimia 60 yake, yaani mita 3, ibaki bila kizuizi chochote. Mkunjo wa dunia kwa umbali huu ni kama sentimita 40 tu, kwa hiyo hausumbui. Kinachosumbua ni minazi. Kagueni ile iliyo karibu na minara yote miwili, pamoja na ile ambayo leo ni mifupi, kwa kuwa mnazi unaendelea kurefuka na mnara hauongezeki hata sentimita moja.

Hatua ya pili ni masafa na mkao wa wimbi, yaani kama wimbi linatikisika wima au mlalo. Masafa hayachaguliwi kwa kupenda: leseni yake hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ombi lipelekwe mapema kabla ya kununua redio, maana redio za maikrowevu hutengenezwa kwa mkanda maalumu wa masafa na haziwezi kuhamishwa ovyo. Kumbukeni pia kwamba redio ya upande mmoja hutuma kwenye nusu ya juu ya mkanda na ya upande wa pili kwenye nusu ya chini. Mkifunga mbili za aina moja hazitasikilizana, hata mkizielekeza siku nzima. Mkao wa wimbi uwe wima. Mvua ya masika inayomwagika kwa kiwango cha milimita 100 kwa saa hupunguza wimbi wima la gigahezi 15 kwa takriban desibeli 6 (kipimo cha kupanda au kushuka kwa nguvu ya ishara) kila kilomita, na wimbi mlalo hupungua zaidi ya hapo. Juu ya maji kuna faida nyingine, kwa sababu bahari huakisi wimbi wima kwa nguvu ndogo kidogo kuliko wimbi mlalo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha video hii. Kiungo cha nchi kavu na kiungo cha kuvuka mkondo vinafungwa kwa vifaa vile vile, lakini cha mkondoni kina mgeni wa tatu, nao ni mwale unaogonga maji na kurudi juu hadi kwenye antena ya pili. Mwale huo umesafiri njia ndefu kidogo kuliko ule wa moja kwa moja, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama miale miwili itasaidiana au itafutana. Tuchukulie antena zote mbili ziko mita 30 juu ya usawa wa wastani wa bahari. Zidisheni urefu wa antena moja kwa wa nyingine, kisha mara 2, mgawanye kwa umbali wa mita 5,000: mtapata sentimita 36, ilhali urefu wa wimbi lenyewe ni sentimita 2 tu. Maji yakipanda, urefu wa antena zote mbili kutoka usawa wa maji hupungua na tofauti ile hubadilika. Kwa mfano wetu, kila maji yanapopanda au kushuka kwa takriban sentimita 83, ishara inayopokelewa hupita mzunguko mzima, kutoka nguvu hadi udhaifu na kurudi kwenye nguvu.

Sasa fikirini siku ya bamvua, maji yanapopishana kwa karibu mita 4 kati ya kupwa na kujaa. Ndani ya saa sita hivi nguvu ya kiungo itapanda na kushuka karibu mara tano, na asiyefahamu atadhani redio ni mbovu. Msitegemee mawimbi ya bahari kuuvunja mwale huo. Kwa pembe ndogo namna hii, mawimbi yasiyofika sentimita 20 ni kama kioo mbele ya redio, na mkondo uliokingwa na kisiwa hutulia hivyo mara nyingi, hasa upepo unapokata kati ya kaskazi na kusi.

Kwa sababu hiyo, hatua ya tatu ni kuchagua saa ya kuelekeza. Someni jedwali la maji kabla ya kupanga safari ya mafundi. Wakati wa bamvua, hapa kwetu maji aghalabu hupwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 alasiri. Elekezeni antena maji yanapotuama, si yanapokimbia, kwa kuwa katikati ya mwendo kipimo kitabadilika bila ninyi kugusa nati yoyote. Binafsi napendelea siku za maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo na fundi aliye juu hana haja ya kukimbizana na saa.

Hatua ya nne ni kazi ya juu ya mnara. Anayepanda avae mkanda wa usalama wenye kamba mbili, na asipande wingu la radi likiwa linakaribia. Kabla ya kuanza, mtu wa chini azime mpangilio wa redio wa kujirekebisha nguvu, aweke kiwango cha chini cha data, kisha achomeke voltmita kwenye tundu la kupimia la redio ya nje. Someni kitabu cha redio yenu: kwa baadhi yake volti hupanda ishara inapoimarika, kwa nyingine hushuka.

Upande mmoja utulie kabisa wakati wa pili unazungushwa. Zungusheni antena polepole kushoto na kulia kwa mapana, mkiandika vilele mnavyovikuta. Kwa kawaida kutakuwa na kilele kidogo, kikubwa, kisha kidogo tena. Linganisheni na hesabu. Redio inayotuma desibeli-miliwati 18 (desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati moja), ikiwa na antena za sentimita 60 zenye ongezeko la desibeli 37 kila moja, hupoteza desibeli 130 njiani, kwa hiyo mtegemee kupokea takriban desibeli-miliwati -38. Bahari inaweza kuongeza au kupunguza desibeli chache hata maji yakiwa yametuama, lakini mkipata -58 msifunge bolti na kushuka. Inaelekea mmeshika mwale wa pembeni, yaani kimojawapo cha vile vilele vidogo. Mkishapata kilele cha katikati, fanyeni vivyo hivyo kwa juu na chini, mhamie upande wa pili, kisha mrudi wa kwanza. Kazeni bolti kidogo kidogo kwa zamu, mkitazama voltmita, kwa kuwa bolti ya mwisho ndiyo inayopenda kuivuta antena. Viungio vya kebo vifungwe kwa utepe wa mpira na nati zipakwe grisi; chumvi ya upepo wa mkondo haisubiri mwaka.

Hatua ya mwisho ni kuacha redio iandike nguvu inayopokea kila dakika 5, kutoka kupwa hadi kujaa kwa bamvua, ndipo mrudishe kiwango cha juu cha data. Mchoro ukionyesha mabonde yanayozama hadi karibu na kizingiti cha redio, yaani nguvu ndogo kabisa ambayo bado inaweza kuipokea, mna njia mbili. Mnaweza kuinua antena ya upande mmoja na kushusha ya pili, ili sehemu ya kuakisi isogee kuelekea upande wa chini, na ikiwezekana ifike kwenye mikoko au nchi kavu. Au mnaweza kufunga antena ya pili sentimita 83 juu ya ya kwanza, katikati hadi katikati; kwa vipimo vyetu, moja inapokuwa bondeni nyingine huwa kileleni, na redio huchukua iliyo bora kati ya hizo mbili.