Singe ya Babu na Namba Inayodanganya

Mwangaluka, wazee wangu! Mwangaluka, akina mama! Nimeombwa nizungumzie visu vya kijeshi na singe, yaani visu vya kuchomeka mbele ya bunduki, tulivyoachiwa na babu zetu, na swali nililopokelewa nalo hapo mlangoni ni moja tu: "Mwalimu, hii itanipa shilingi ngapi?"

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Babu yangu alikuwa keya, yaani askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza, akapelekwa Burma, akarudi na singe. Nilipomaliza kidato cha nne niliikuta darini, nyeusi, imeshika kutu. Nikanunua msasa. Siku mbili nikasugua, ikang'aa kama sinia la harusi. Miaka ikapita, nikamwonyesha bwana mmoja anayekusanya vitu vya vita. Akaigeuza mara moja tu, akauliza, "Nani kaifanyia hivi?" Kumbe ule weusi ndiyo ngozi yake. Na pale nilipokazania zaidi kusugua, karibu na mpini, ndipo penye mihuri.

Mihuri ndiyo inayosema. Hii hapa si ya babu, nimeiazima. Ipitisheni mkononi, taratibu. Tazameni bapa lake karibu na mpini: kuna taji, herufi GR za Mfalme George, kisha 1907. Mnaona? Nusu ya ukumbi mmeshasema moyoni, "Ya mwaka 1907!" Hapana. Hilo ni jina la muundo. Singe za muundo huo zilitengenezwa mamilioni, na karibu zote zina 1907. Mwaka wenyewe uko chini yake, kwa namba ndogo: 5 halafu 17. Mwezi wa tano, 1917. Upande wa pili kuna kichwa cha mshale, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na X inayoonyesha kuwa bapa lilikunjwa kwa majaribio likarudi sawa.

Za Wadachi, yaani Wajerumani, ni tofauti. Angalia mgongo wa bapa: taji, W ya Kaiser Wilhelm, na tarakimu mbili, tuseme 15. Hapo ndipo mwaka wenyewe. Nasema haya kwa sababu hapa Tabora kila nyumba ya tatu ina singe "iliyotekwa kwa Mdachi" Wabelgiji wa Jenerali Tombeur walipoingia mji huu tarehe 19 Septemba 1916. Sawa. Lakini ikiwa mgongoni pameandikwa 18, singe hiyo haikuwepo siku hiyo, hata babu angeapa.

Sasa bei. Ile ya 1907 ya kawaida, yenye ala yake, huko nchi za nje huenda dola 100 hadi 200 hivi. Si shamba, si ng'ombe wengi. Ila za mwanzo zilikuwa na ndoano kwenye kikingio cha mkono. Waingereza waliiondoa mwaka 1913, na singe nyingi zikakatwa ndoano hiyo. Iliyobaki na ndoano yake inazidi bei hiyo mara kadhaa. Ndiyo maana wapo mafundi wanaochomelea ndoano mpya! Pitisha kucha kwenye maungio. Ukihisi mshono, rudisha pesa yako mfukoni.

Kutunza ni kazi ndogo. Kitambaa laini, tone la mafuta ya cherehani, basi. Usinoe. Ala ya ngozi iweke kando ya singe, usiichomeke humo mwaka mzima, kwani ngozi hunywa unyevu ikaula chuma. Lakini usizitenganishe kwa kuuza moja. Ala ikipotea, bei nayo inaporomoka. Na kama mzee aliyeibeba bado yu hai, mrekodi kwa simu leo hii: kikosi gani, alipewa wapi. Mnunuzi makini hulipia maneno hayo pia, mradi yakubaliane na mihuri.

Bibi pale mbele ameketi na kitu kimefungwa kwenye kanga tangu nianze. Shikamoo, bibi. Hebu tufungulie. Wewe kijana, usiguse bapa, vidole vina jasho. Leteni tochi.